Kompyuta Isiyomwamsha Mama

Nyumbani kwetu Bwaise tunaishi katika chumba kimoja, kile ambacho watu wa Kampala hukiita muzigo. Pazia ndilo ukuta wetu: upande huu meza yangu, upande ule kitanda cha Mama. Yeye huamka saa kumi alfajiri kwenda Kalerwe kununua matoke kwa bei ya jumla. Mimi hufanya kazi za chuo hadi saa nne usiku, kisha hucheza mpira kwenye kompyuta hadi saa sita.

Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa na feni ndogo iliyojaa vumbi. Mchezo ukianza tu, feni inanguruma. Usiku mmoja Mama alisema kutoka nyuma ya pazia, "Mwanangu, hicho kinu chako kinasaga mahindi ya nani?" Nilicheka. Alfajiri nikamkuta amesinzia kwa kukaa, kiatu kimoja mkononi. Sikucheka tena.

Nilipopata fedha kwa kuchapa tasnifu za wenzangu, nilikwenda Barabara ya Kampala nikiwa na nia ya kununua kichakataji cha Core i5-12600K. Kina nguvu, na rafiki zangu wangenionea wivu. Muuzaji akanionyesha namba ambayo sikuwahi kuijali: wati 125, na kazi ikizidi hufika 150. Umeme huo wote hugeuka joto, na joto lazima liondolewe. Kadiri linavyozidi ndivyo feni inavyozunguka kwa kasi, na kasi ndiyo kelele. Tena michoro yake ya ndani ni dhaifu, kwa hiyo ningehitaji kadi ya michoro, nayo huja na feni zake.

Kando yake palikuwa na Ryzen 5 5600G, kilichotoka mwaka 2021: viini 6, wati 65, na michoro ya ndani inayotosha michezo ya kawaida bila kadi nyingine. Hasara yake ipo. Michezo mizito ya kisasa hubidi kupunguzwa ubora wa picha, na mingine haichezeki vizuri. Iliniuma kidogo. Lakini mimi hucheza nini? Mpira. Na skrini yangu huonyesha picha 60 tu kwa sekunde. Nguvu ya kutoa picha 150 ingekuwa joto la bure.

Nikachukua 5600G. Kwa fedha iliyobaki nilinunua vipande viwili vya kumbukumbu, gigabaiti 8 kila kimoja, kwa sababu michoro ya ndani hukopa kumbukumbu ya kompyuta, na vipande viwili hupitisha data haraka kuliko kimoja. Nikaongeza feni pana, kwa kuwa feni pana husukuma hewa ileile kwa mizunguko michache. Mwisho nikauwekea mchezo kikomo cha picha 60 kwa sekunde, ili kichakataji kisihangaike bure.

Usiku wa kwanza Mama alijigeuza kitandani.

"Umeme umekatika?"

"Hapana, Mama. Ninacheza."

Akanyamaza kidogo, kana kwamba anatega sikio.

"Nani anaongoza?"

Kabla sijamjibu nikamsikia anakoroma. Siku hizi hiyo ndiyo sauti kubwa kuliko zote chumbani mwetu, nami siilalamikii.