Wacheni kucheka "furnitures"

Kuna watu Kenya hii wanaweza kusamehe deni la elfu kumi, lakini ukiandika "furnitures" hawakuachi. Rafiki yangu, fundi wa mbao, aliposti video ya viti na meza alizotengeneza mwenyewe. Kazi safi. Komenti zote zilikuwa za hiyo S moja. Hakuna hata mmoja aliyeuliza bei. Siku hizi anaposti picha tupu, bila maneno.

Hebu tuseme ukweli: hiyo S si ujinga. Kwa Kiswahili tunasema fanicha hii, fanicha hizi. Mzigo mmoja, mizigo miwili. Kifaa kimoja, vifaa vitatu. Hata pesa ziko kwa wingi, "pesa zangu zimeisha", lakini Mwingereza anasema "money is". Kwa hivyo mtu akiandika "luggages" ama "equipments", amehesabu tu vile tunahesabu nyumbani.

Na si sisi peke yetu. Kwa Kifaransa, "informations" ni wingi halali kabisa. Kiingereza chenyewe pia kimegeuka. Zamani minji iliitwa "pease", neno la umoja. Watu wakadhani ile sauti ya mwisho ni ya wingi, wakaikata, ndio tukapata "pea". "Mail" haihesabiki, lakini "emails" kila ofisi inaandika na hakuna anayecheka.

Sasa, sisemi tutupe sheria. Anayesoma barua yako ya kuomba kazi hana muda wa historia ya minji. Na wakati mwingine S hubadilisha maana. "Experience" bila S ni ujuzi wako wa kazi. "Experiences" ni mambo yaliyokupata maishani. Mwajiri anataka ile ya kwanza.

Mbinu ninayotumia mimi ni ngeli. Ile ya YA-YA, mnaikumbuka? Huwezi kusema maji matatu, unasema glasi tatu za maji. Basi "information", "advice", "furniture", "luggage" na "equipment" ziweke kwa debe moja na maji. Hazibebi S, hazitaki "many", zinataka "much". Ukilazimika kuhesabu, tafuta glasi yake: "a piece of advice", "two pieces of luggage". Ni hivyo tu. Akili yako ilishajua hii kitu tangu shule ya msingi, ila tulifundishwa Kiswahili na Kiingereza kana kwamba havijuani.

Ombi langu ni moja. Ukiona S imezidi kwa posti ya mtu anayetafuta riziki, uliza bei kwanza. Halafu ingia inboksi, umrekebishe polepole. Ukimwaibisha mbele ya watu, hatajifunza Kiingereza. Atajifunza kunyamaza, na biashara haiuziki kwa kunyamaza.