Usiku wa Leba

Kila tunapogoma, swali ni lile lile, na mwaka mmoja lilitoka kwa shemeji yangu, mwalimu wa shule ya msingi: "Kwani nyinyi wauguzi mna nini hata mlipwe kutushinda?" Nina miaka kumi na tisa katika leba ya hospitali moja ya kaunti hapa Kenya. Sikumtolea hati ya mshahara. Nilimweleza partografu.

Hiyo ni karatasi ya kila mama ambaye uchungu wake umeshakolea. Kila nusu saa usikilize moyo wa mtoto, uhesabu uchungu unavyokuja, uandike. Kila saa nne upime njia. Hivyo ndivyo mtoto anayechoka tumboni hugunduliwa mapema. Sasa piga hesabu nami. Usiku wa kawaida tuna akina mama kumi na wanne, tisa uchungu umekolea, na wauguzi wawili. Mmoja hupanda ambulensi na mgonjwa wa rufaa, unabaki peke yako. Kumsikiliza mtoto mmoja sawasawa ni dakika nne, mara tisa ni thelathini na sita. Nusu saa imekwisha na hujamshika mtu mkono, wala hujazalisha. Ukikuta karatasi zote zimejaa asubuhi, jua nyingine zimejazwa alfajiri, kwa kukumbuka. Mimi pia nimezijaza hivyo.

Nyinyi mnaokuja saa za kutazama wagonjwa na chupa ya uji mnamwona sista mkali tu.

Usiku mmoja umeme ulipotea na jenereta haikuwa na dizeli. Oksitosini, sindano ya kuzuia damu baada ya kujifungua, hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Ikishinda kwenye joto hupungua nguvu, na ukiitazama huwezi kujua. Mama alijifungua vizuri, kisha damu ikaanza kumwagika. Nikamdunga, nikasugua tumbo, nikamdunga tena. Haikukata. Nikaingiza mkono, nikakunja ngumi, mkono wa pili nikakandamiza tumbo kwa nje. Nilikaa hivyo mpaka daktari alipotoka chumba cha upasuaji, mgongo umepinda, damu imefika kwenye kiwiko, huku wengine wawili wakiniita, "Sista! Sista, anakuja!" Huwezi kuutoa mkono. Mmoja alijifungua mwenyewe sakafuni. Mtoto alilia, na mama wa damu alipona, namshukuru Mungu.

Kwa miaka mingi posho ya hatari ya muuguzi ilikuwa shilingi 3,850 kwa mwezi. Tangu afya ihamie kaunti mwaka 2013, hata mshahara wenyewe tumezoea kuungoja mpaka katikati ya mwezi unaofuata, riba ya mkopo wa sacco ikipanda.

Shemeji ana darasa la watoto sabini, na sisemi kazi yake ni nyepesi. Lakini somo lililopotea Jumatatu anaweza kulifidia Jumamosi. Zamu yangu haina Jumamosi ya kufidia. Mwajiri anajua hilo, na anajua hatutaondoka kando ya kitanda mama akivuja damu, kwa hiyo hutuambia kazi hii ni wito. Ndiyo, ni wito. Karo za watoto wangu silipi kwa wito. Nadai zaidi, na sioni haya.

Mgomo wetu wa 2017 ulianza Juni na kuisha Novemba. Madaktari walikuwa wamerudi Machi tu, baada ya siku mia moja za mgomo wao. Tulipogoma, walioumia ni watu wasio na pesa za hospitali ya binafsi, majirani zangu. Usiku mmoja wa Agosti jirani alinigongea mlango. Binti yake alijifungulia kwenye mkeka wetu, mume wangu akitumulikia kwa simu, mimi na jozi moja ya glavu niliyoikuta kabatini. Nilisugua lile tumbo mpaka kukapambazuka, nikiogopa damu, kwa sababu sindano sikuwa nayo.

Tuliporudi kazini nilifungua kitabu cha ripoti. Ukurasa wa mwisho wa usiku ulikuwa mwandiko wangu, wa Juni: glavu zimebaki pakiti mbili, friji ya dawa haipoi, fundi ameitwa. Nikaenda nikaifungua friji, nikaingiza mkono ndani. Ilikuwa na joto kama chumba chenyewe.