Kisiwa cha Mfangano na Mzigo wa Mama

Ukitaka kukijua kisiwa cha Mfangano, anza safari yako usiku. Lala Mbita siku isiyo na mbalamwezi, kisha toka nje ulitazame Ziwa Victoria. Utadhani mji mzima umejengwa juu ya maji. Kumbe ni taa za wavuvi wa omena, wale samaki wadogo ambao jirani zetu wa Tanzania huwaita dagaa. Omena hufuata mwangaza, na nyavu huwangoja hapo hapo.

Asubuhi panda motaboti. Utaipita Rusinga, alikozikwa Tom Mboya, kisha Takawiri, na baada ya saa moja na ushei, kutegemea upepo, utateremka Sena. Hapa ni Kaunti ya Homa Bay, nyumbani kwa Abasuba, ambao wengi wao siku hizi huzungumza Kijaluo. Wageni hukimbilia Mawanga kutazama michoro ya kale ya miduara myekundu na myeupe, ambayo wazee huihusisha na mvua. Nenda ukaione, lakini kwanza simama ufuoni.

Hapo utawakuta akina mama wakingoja mashua, wengine na watoto mgongoni. Hununua omena, wakawatandaza juu ya nyavu kuukuu na kulingoja jua. Mvua hiyo hiyo inayokumbukwa kule mapangoni ikinyesha kabla samaki hawajakauka, chakula cha watu hugeuka chakula cha kuku, na mtaji huenda na maji. Tena kila mwaka, kati ya Aprili na Julai, upande wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Ni sheria ya busara, lakini tumbo la mtoto halifungwi.

Lipo na jambo la aibu. Wako wavuvi wanaomuuzia mama samaki kwa sharti la kumpa mwili wake pia. Mtindo huu huitwa jaboya, nao umechangia kuueneza Ukimwi katika fuo za ziwa hili na kuacha wajane na mayatima.

Sasa jiulize, msomaji: mama huyu akilemewa moyoni, nani atajua? Kijaluo kina neno kuyo, yaani huzuni, na parruok, yaani kuwaza kwa wasiwasi. Lakini akifika zahanati, mara nyingi atasema kichwa kinamgonga au mgongo unamuuma. Atapewa vidonge na kurudi ufuoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama 20 kati ya kila 100 waliojifungua hupata tatizo la akili, hasa sonona. Dalili zake ni kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, kulia ovyo, kukosa hamu ya chakula, kujiona hafai, na kumtazama mwanawe bila kuhisi lolote. Huo si uvivu, wala si kurogwa.

Mtoto naye huyaona yote. Mwaka wa 1978 mtaalamu Edward Tronick wa Marekani na wenzake walichapisha jaribio ambalo mama aliombwa akae mbele ya mtoto wake mchanga kwa dakika chache, uso umetulia kama sanamu. Mtoto alitabasamu ili amrudishe mama yake, akajaribu tena, na aliposhindwa akageuza uso. Ikiwa dakika chache huumiza hivyo, miezi je?

Dawa, bahati nzuri, haiko mbali. Ng'ambo ya ziwa hili hili, katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, mwaka wa 2002 watafiti waliunda vikundi vya wenye sonona katika vijiji vilivyopigwa sana na Ukimwi. Wanawake walikaa na wanawake, wanaume na wanaume, dakika 90 kila juma kwa majuma 16. Walioviongoza hawakuwa madaktari, bali watu wa huko huko waliopewa mafunzo ya majuma mawili. Mwishowe, waliobaki na sonona katika vijiji hivyo hawakufika 7 kati ya 100. Katika vijiji visivyo na vikundi, walikuwa karibu 55.

Wajaluo wa zamani hawakuliacha jambo hili kwa mama peke yake. Kulikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi, ambako watoto walilala wakisimuliwa hadithi, na mama akapata kupumua.

Wewe unayesoma haya katika fleti ya Nairobi au bweni la chuo, usidhani habari hii ni ya kisiwani tu. Jirani yako aliyejifungua juzi huenda hana hata wa kuanika naye omena. Mbebee mtoto saa moja alale. Muulize hali, kisha nyamaza umsikilize. Baba, usingoje kuambiwa. Na mama akitaja kutaka kufa au kumdhuru mtoto, usimwache peke yake. Mfikishe hospitali siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nenda Mfangano, msomaji, uyaone makanda ya omena yanavyobebwa, ndipo utakaporudi nyumbani ukamtazame mama yako upya.