Tamaa Mbele, Kioo Nyuma

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa tamaa mbele, mauti nyuma. Msomaji mpenzi, maneno hayo niliyaelewa vyema katika gereji ya mjomba wangu, ambaye ndiye hunilipia karo. Kila Jumamosi na wakati wa likizo mimi humshikia spana huko.

Likizo ya Agosti, lililetwa gari aina ya Land Cruiser, la zamani, kioo cha nyuma kimevunjwa na jiwe. Kiti cha nyuma kilijaa chembe za kioo kama punje za mahindi. Mwenye gari akatoa noti na kusema, "Fundi, nikatie tu kioo cha dirisha la nyumba. Kitakachobaki ni chako." Lo! Karo ya muhula wa tatu ilikuwa bado, nami nilizikodolea macho zile noti.

Mjomba akamwuliza, "Mzee, nani hukaa huku nyuma?"

"Si watoto!"

"Basi siwezi."

Akamweleza polepole. Kioo cha nyuma hupashwa moto zaidi ya nyuzi 600 kiwandani, kisha hupulizwa hewa kikapoa ghafla. Ndiyo maana kikivunjika huwa chembe ndogo zisizo na makali mengi. Kile cha dirisha la nyumba hupasuka vipande virefu kama visu. Tena kioo cha gari namna hiyo hakikatwi. Ukijaribu, chote kinamwagika. Sharti utafute kilicho sawasawa na mlango wako.

Yule mzee aliondoka akinung'unika, ati mafundi siku hizi wana maringo. Nikajua pesa zimeenda. Lakini Jumatatu alirudi na kioo cha mitumba alichokipata Barabara ya Kirinyaga, Nairobi.

Kazi ikaanza. Tulifagia chembe zote, tukakwangua kutu kwenye fremu, tukavisha kioo mpira wake. Mjomba akapitisha kamba imara ndani ya mfereji wa mpira, ncha mbili zikakutana chini, akapaka maji ya sabuni. Yeye akasukuma kioo kwa viganja kutoka nje. Mimi, ndani, nikavuta kamba polepole. Ukiona mdomo wa mpira unavyopanda juu ya chuma inchi kwa inchi, utadhani ni uchawi! Mwisho tukamwaga maji juu yake. Hata tone halikuingia.

Malipo ya kazi hayakutosha karo. Wiki ya kwanza ya muhula nilirudishwa nyumbani, nikakosa masomo siku nne. Siku hizo zilikuwa chungu, wala sitaki kudanganya. Hata hivyo sikumlaumu mjomba. Karo hulipwa polepole, bali jicho la mtoto halina spea.

Wenzangu, kesho sisi ndio mafundi, madaktari na walimu. Mteja akikwambia hakuna atakayejua, kumbuka kuna anayekaa nyuma.