Mgeni wa Dawati la Nyuma

Novemba 1974 viongozi wa chama cha TANU walikutana Musoma, wakaazimia kwamba ifikapo mwishoni mwa 1977 kila mtoto wa Tanzania mwenye umri wa kwenda shule awe darasani. Watoto walikuwepo, na wanavijiji walikuwa tayari kufyatua matofali. Walimu ndio waliokosekana. Kuwasubiri wa vyuoni kungechukua miaka mingi, basi serikali ikawageukia vijana waliomaliza darasa la saba: wafundishe madarasa ya chini huku wenyewe wakisomea ualimu kwa posta, kwa redio na kwa wakufunzi wa kuzunguka, kisha waingie chuoni wiki chache kumalizia. Hao ndio walimu wa UPE (elimu ya msingi kwa wote), jina ambalo baadaye watu walilitumia kwa kejeli, tena mara nyingi watu waliofundishwa kusoma na hao hao.

Mmoja wao ni mstaafu, yuko Kondoa, mkoani Dodoma, na mtaa mzima unamwita Mwalimu. Alianza kushika chaki akiwa binti wa miaka kumi na sita. Vipindi vya redio anavikumbuka kwa shida, maana redio ilikuwa ya mwenyekiti wa kijiji, na betri zikiisha na somo limekwisha. Anachokikumbuka vizuri ni mkufunzi aliyekuja kwa baiskeli, akakaa dawati la nyuma kabisa, akanyamaza mpaka kengele ya mapumziko. Hakugusa andalio la somo. Aliuliza swali moja: yule mtoto wa dirishani leo kajifunza nini? Mwalimu hakuwa na jibu. Wakakaa chini ya mti wakalipanga upya somo la kesho yake, safari hii wakianza na mtoto wa dirishani.

Miaka ya themanini baiskeli ile haikuonekana tena. Hali ya uchumi ilikuwa mbaya, vitabu viliadimika, na mgeni aliyebaki kufika darasani alikuwa mkaguzi. Huyu alitaka kuona azimio la kazi, andalio la somo na daftari la mahudhurio. Walimu walijifunza haraka: maandalio yaliandikwa kwa mwandiko mzuri, yakafunikwa kwa gazeti, na ufundishaji ukabaki ule ule.

Kisha ada ikafutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza mwaka 2002. Wanafunzi wa shule za msingi nchini walikuwa karibu milioni 5 mwaka 2001. Kufikia 2007 walizidi milioni 8. Darasa la kwanza la Mwalimu lilipita watoto mia, likagawanywa la asubuhi na la mchana, na mwalimu akabaki yule yule. Ndicho kilichokuwa pia kipindi cha semina za mjini. Shule ilimtuma mwalimu mmoja, aghalabu aliyefikiwa na zamu yake ya posho (na posho si dhambi, mshahara wa mwalimu unajulikana), akarudi na neno “ushirikishi” na karatasi kubwa zilizoandikwa kwa kalamu za rangi. Mitaala iliyotoka kuanzia 2005 ilitaka mwanafunzi ajenge umahiri, awe mtendaji na si msikilizaji. Hakuna aliyeonyesha umahiri huo unajengwaje pale watoto watano wanapogombea dawati moja.

Matokeo yalipopimwa yalishtua. Tathmini ya mpango wa Uwezo ya mwaka 2011 ilieleza kuwa ni watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwalimu anasema takwimu hizo hazikumuudhi kama zilivyowaudhi wenzake, kwa sababu kitu hicho alikwishakiona kwa macho. Darasani kwake watoto waliimba “ba, be, bi, bo, bu” kwa sauti ya kutikisa bati. Siku moja alimwita bingwa wa kuimba, akaweka fimbo ya ubaoni kwenye “bo” na kumwambia aanzie hapo arudi nyuma. Mtoto akatazama paa, akavuta pumzi, akaanza: ba, be, bi…

Mabadiliko ya KKK ndiyo yaliyomfikia kwa kweli. Kuanzia 2015 masomo ya darasa la kwanza na la pili yalipunguzwa ili muda mwingi uende kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na herufi ikafundishwa kwa sauti yake. Midomo inafumbwa, “mmm”, inakutana na “a”, inazaliwa “ma”. Siku za mwanzo walimu wazee walicheka, wakisema darasa limekuwa zizi. Baada ya wiki kadhaa watoto walianza kusoma maneno ambayo hawajawahi kuyaimba.

Dodoma ilikuwa pia miongoni mwa mikoa ya mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza. Safari hii mafunzo yaliletwa shuleni: walimu wa madarasa ya chini walibaki baada ya vipindi, wakasoma moduli moja pamoja, wakaijaribu darasani, wakarudi kusimuliana. Hapo Mwalimu alipata vitu vidogo ambavyo hajaviacha. Majina ya watoto yaliandikwa kwenye vijiti na kutiwa kwenye kopo. Swali linaulizwa kwanza, wote wanafikiri, ndipo kijiti kinachomolewa. Kabla ya hapo waliojibu walikuwa wale wale wa mbele. Vifuniko vya soda vilipangwa mafungu ya kumi kumi, na hesabu ya kuchukua ikashikika mkononi. Vikundi vya kusoma vilipangwa kwa uwezo, si kwa dawati. Fimbo nayo ilipungua, na kwa maoni ya mwandishi hapa kopo lilisaidia kuliko waraka: kanuni za 2002 zilikwisha kuweka mwisho wa viboko vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu, lakini mtoto anayejua kijiti chake kinaweza kuchomolewa wakati wowote hana nafasi ya kuchezacheza.

Mwalimu alistaafu 2020. Binti yake ni mwalimu pia, na kizazi chake kina MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, yenye jumuiya za ujifunzaji katika kila shule na moduli zinazosomwa kwenye simu. Katika jumuiya yake mwalimu mmoja hufundisha, wenzake hukaa nyuma, kisha wanalijadili somo. Si wote wanaolipenda jambo hilo. Wapo wanaomwona mwenzao wa nyuma kama mkaguzi aliyevaa sura ya rafiki, na wapo wanaouliza bando analipa nani. Mama akisimuliwa hayo anacheka: yeye alipewa mgeni wa kukaa nyuma akiwa na miaka kumi na sita, akaja kumkosa karibu miaka arobaini.

Kuanzia Januari 2024, chini ya mtaala mpya, Kiingereza nacho kinafundishwa darasa la kwanza. Binti alipiga simu jioni moja.

“Shikamoo, mama. Hii njia yenu ya sauti, kwenye Kiswahili ‘a’ ni ‘a’ tu. Sasa Kiingereza ‘a’ moja ina sauti kibao. Nianze na ipi?”

“Marahaba, mwanangu. Hiyo ipelekeni kwenye jumuiya yenu. Mkishakubaliana, mniambie na mimi.”