Uteuzi wa Mradi wa Upimaji

Hakuna jambo linalompotezea muda mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, awe wa uhandisi au wa ualimu, kama uteuzi wa mradi. Aghalabu huanza kwa kutafuta mada itakayowastaajabisha wasahihishaji, kisha huhesabu bei ya vifaa, na mwisho kabisa, ikiwa muda umesalia, hujiuliza namna ya kuyahakiki matokeo. Kwa maoni yangu swali hilo la mwisho lapasa kuwa la kwanza. Mradi wa upimaji huwezekana pale tu mwanafunzi anapokuwa na njia nyingine, iliyo ya kuaminika, ya kupima kitu kilekile, ili alinganishe.

Nimelifikiri sana jambo hili kwa ajili ya mpwa wangu, anayesomea uhandisi wa vipimo na vihisi, yaani vile vifaa vinavyohisi joto, mwanga au umbali na kutoa umeme unaoweza kusomwa kama tarakimu. Alinijia wakati wa likizo, kabla ya kuanza mwaka wake wa mwisho. “Mjomba,” alisema, “nataka kutengeneza kifaa cha kupima sukari ya bibi bila kumchoma kidole.” Bibi yake, ambaye ndiye mama yangu mzazi, ana kisukari na hudungwa insulini kila siku, ncha za vidole vyake zimekuwa sugu kwa kuchomwa. Nani angethubutu kumwambia kijana kwamba nia hiyo si njema? Lakini dada yangu humlipia karo kwa kuuza vitunguu, na mradi ukishindikana mwaka hurudiwa, karo nayo hulipwa upya.

Alikusudia kupitisha mwanga usioonekana katika kidole na kusoma kiasi kinachotokea upande wa pili. Nilimtaka azingatie kwamba damu ya mtu mwenye afya, kabla hajala, ina kadiri ya gramu moja tu ya sukari katika lita nzima, na kwamba unene wa ngozi, joto la mkono, hata jinsi kidole kinavyobanwa, huubadilisha mwanga huo kuliko sukari yenyewe. Mwezi Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai yenyewe kupima sukari bila kutoboa ngozi. Nilimwuliza basi: tarakimu ikitokea, utajuaje kuwa ni ya kweli? Alijibu kwamba angelinganisha na kipimo cha kidole. Kidole cha nani, na mara ngapi kwa siku? Kingehitajika kibali cha utafiti wa afya, watu wengi wa kujitolea, na daktari wa kusimamia. Na tarakimu ya uongo ingemfanya mgonjwa adungwe insulini asiyoihitaji. Alinyamaza kwa muda mrefu. Sikumsihi zaidi.

Mradi alioutwaa baadaye ni mnyonge ukiutazama kwa mbali: kupima kina cha maji katika tangi la shule ya msingi iliyo jirani na kwao, ambako mwalimu mkuu alihitaji kujua akiba iliyosalia wakati wa kiangazi. Kihisi hufungwa juu ya tangi, hutuma sauti isiyosikika na masikio, kisha huhesabu muda hadi mwangwi urudi kutoka usoni mwa maji. Vihisi vya namna hii si ghali. Na kipimo cha kulinganishia ni ufito mrefu uliochorwa sentimita, ambao mtoto wa darasa la nne aweza kuusoma.

Hapo ndipo elimu ilipojitokeza. Katika hewa yenye joto la nyuzi 20, sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Kila joto linapopanda nyuzi moja, mwendo huongezeka kwa mita 0.6 hivi. Tangi likipigwa na jua hata hewa ya ndani ikafikia nyuzi 40, mwendo huwa kadiri ya mita 355. Kifaa kisichojua hayo, kikiwa mita 2 juu ya maji, kitakosea kwa sentimita 7 hivi, tena kwa kuonyesha kwamba maji ni mengi kuliko yalivyo. Katika tangi la mviringo lenye upana wa mita 1.5, hizo ni takriban ndoo sita za lita 20 ambazo hazipo. Ufito ulimwonyesha kosa hilo adhuhuri ya kwanza, akaongeza kihisi cha joto. Bila ufito angeliandika ripoti safi yenye maji ya uongo.

Nanyi mnaojiandaa kufundisha shule za msingi mna miradi yenu, na kishawishi chenu ni cha aina nyingine: mada ionekanayo rahisi. Kila mwaka yupo anayetaka kurudia jambo aliloliona Erasto Mpemba mwaka 1963 katika Shule ya Sekondari ya Magamba, kwamba maziwa ya moto yaliganda kabla ya yale ya baridi, na ambalo yeye na Denis Osborne waliliandikia makala mwaka 1969. Vifaa ni vichache, kweli. Lakini mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walionyesha kwamba kipimajoto kikitofautiana kimo kwa sentimita moja tu, matokeo yaweza kugeuka.

Mwanafunzi wangu mmoja alipoyasikia hayo aliacha barafu, akachagua kulinganisha maji ya mtungi na maji ya ndoo ya plastiki kuanzia asubuhi hadi jioni. Vipimajoto vyake viwili alivihakiki kwanza katika barafu inayoyeyuka, kwenye nyuzi sifuri. Maji yanayochemka hakuyaamini, kwa kuwa mahali penye mwinuko wa mita 1,500 huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Nilimwuliza atafanyaje ili vikae kina kimoja. Siku ya tatu alirudi na vipande viwili vya ubao vyenye urefu sawa, kila kimoja kimetobolewa tundu.