Vali Iliyofaulu Mtihani Mwepesi

Sisi wakazi wa Tegeta tumezoea kusikia jina la eneo letu likitajwa kwa mambo yasiyotupa fahari. Mtambo wa umeme wa megawati 100 wa IPTL, uliotokana na mkataba wa mwaka 1995, ni jirani yetu, na akaunti ya “Tegeta Escrow” imetutangaza nchi nzima. Leo, hata hivyo, naomba kuanzia mbali, katika mtambo wa nyuklia wa Davis-Besse, jimboni Ohio, Marekani, kwa kuwa yaliyotokea huko yanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Usiku wa tarehe 9 Juni 1985, maji yanayoondoa joto la kinu hicho yalikatika. Maji hayo yakikosekana kwa muda mrefu, kiini cha kinu huweza kuyeyuka. Ulikuwapo mfumo wa akiba, lakini katika haraka ya kuuwasha mwendeshaji alibonyeza vitufe visivyo, na vali mbili za mfumo huo zikajifunga. Vali hizo ni koki kubwa zinazoendeshwa kwa mota ya umeme. Kosa lilibainika mara moja, amri ya kufungua ikatolewa, vali zote mbili zikagoma. Pampu za akiba nazo zilizimika. Ilibidi wafanyakazi wakimbie hadi zilipo vali na kuzifungua kwa mikono. Kwa dakika 12 kinu hakikupata maji hayo kabisa.

Ingekuwa rahisi kumwadhibu aliyebonyeza vitufe na kufunga jalada. Wachunguzi waliuliza swali gumu zaidi: kwa nini vali hazikutii? Walibaini kwamba mota ya vali ina swichi inayoizima inapokutana na ukinzani mkubwa, isije ikaungua. Vali inapoanza kubanduka, ukinzani huwa mkubwa kuliko wakati wowote. Kwa hiyo swichi hiyo hupaswa kunyamazishwa kwa kitambo. Kitambo hicho kilikuwa kimepangwa kifupi mno. Katika majaribio ya kawaida, bila shinikizo kubwa la maji, kasoro hiyo haikuonekana. Vali zilifaulu mtihani mwepesi, zikaanguka siku ya mtihani wenyewe.

Marekebisho hayakuishia Ohio. Novemba 1985 mamlaka ya usimamizi wa nyuklia ya Marekani iliviagiza vinu vingine kukagua vali za mifumo muhimu. Juni 1989 ikapanua agizo hilo kwa vali zote za mota zinazohusu usalama, na kutaka zijaribiwe, kila inapowezekana, chini ya shinikizo zilizobuniwa kulihimili. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi na fedha nyingi.

Sasa turudi nyumbani. Akaunti ya Escrow nayo ilikuwa vali. Fedha zilizuiwa humo, Benki Kuu, hadi mgogoro wa gharama kati ya TANESCO na IPTL utatuliwe. Mwishoni mwa mwaka 2013 vali ile ilifunguliwa, na mamia ya mabilioni ya shilingi yakatoka. Novemba 2014 Bunge lilijadili suala hilo kwa ukali; wapo waliojiuzulu, wapo walioondolewa. Huko ni kushughulika na waliobonyeza vitufe, na ni jambo la lazima. Lakini kwa nini saini, sheria na ofisi zilizoonekana imara wakati wa utulivu hazikuhimili shinikizo la fedha? Na mikataba mingine mikubwa ilikaguliwa kwa kasoro ileile?

Tabia hii haiko bungeni tu. Transfoma ya mtaani kwetu iliwahi kuungua, ikabadilishwa, na baada ya majuma machache ikaungua tena. Nilimuuliza fundi sababu. Akanijibu kwa upole, “Mzee, sisi tumetumwa kubadilisha, hatukutumwa kuchunguza.” Sikuweza kumlaumu. Alikuwa ameeleza kwa sentensi moja falsafa ya utumishi wetu wa umma, na mimi, niliye mwalimu wa chuo, nimekuwa nikiitafuta kwa miaka.

Nasema haya kwa sababu tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, tunayo urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, na mazungumzo ya umeme wa nyuklia yanazidi kusikika. Siyapingi. Wahandisi tutawasomesha na mitambo tutainunua. Kisichouzwa sokoni ni ujasiri wa taasisi kujipima kwa shinikizo halisi kabla ya siku ya balaa, kuchapisha kasoro zake, na kumlinda anayezitaja. Transfoma ikiungua, tunawasha mshumaa. Fedha zikivuja, tunaunda kamati. Kinu cha nyuklia hakitatusubiri tuunde kamati.